Maji ya sukari na chumvi: historia ya dawa inayotayarishwa jikoni

KAMINA, Haut-Lomami – Katika nyumba nyingi za hapa kwetu, mtoto akianza kuhara usiku, kitu cha kwanza kinachotafutwa si dawa ya duka. Ni sukari. Bibi anauliza kama imebaki kidogo katika kopo. Mwingine anatafuta chumvi, mwingine anapepea makala kusudi maji yachemke haraka. Kukipambazuka, mtoto amekwisha kunywa vikombe viwili au vitatu, na mara nyingi macho yake yamerudi kung'aa.

Wengi wetu tunadhani hii ni desturi ya zamani iliyotoka kwa mababu. Sivyo. Maji haya, kwa kipimo tunachofundishwa leo, ni madogo kwa umri kuliko mabibi wengi wanaoyatayarisha. Yalitoka mbali sana, katika kambi za wakimbizi huko India na vijiji vya Bangladesh, na yalipita kwenye mtihani mkali hapa katika nchi yetu wenyewe, mjini Goma. Ninaandika historia yake kwa sababu mbili. Ya kwanza, kipindupindu hakijatoka katika jimbo letu. Ya pili ni ya nyumbani.

Siku moja mtoto wa dada yangu alishikwa na kuhara. Jirani mmoja, mama mwenye roho nzuri, alikuja mbio na chupa ya maji aliyoyatayarisha mwenyewe. Tulimnywesha mtoto, akakataa, akalia, akatapika. Tulipofika kwenye kituo cha afya, muuguzi aliomba chupa, akamimina tone mkononi, akaonja. Akatuangalia. "Haya ni maji ya kuchemshia muhogo," alisema, na akayamwaga. Jirani alikuwa ameweka chumvi kwa kijiko kikubwa cha supu, sawasawa na sukari. Mtoto alipona. Lakini siku ile nilielewa kwamba kitu kinachookoa na kitu kinachodhuru vinaweza kutoka katika kopo moja, na tofauti yake ni kijiko tu.

Chumvi ya zamani, sukari mgeni

Chumvi si mgeni katika nchi ya Waluba. Mbele ya reli na mbele ya maduka, kulikuwa na mabwawa ya chumvi katika eneo la kati la ufalme wa Waluba, na chumvi ile ilibebwa mbali kubadilishwa na chuma, samaki na vitu vingine. Mwanahistoria Thomas Reefe, aliyeandika kitabu juu ya ufalme wa Waluba mwaka wa 1981, anaonyesha kwamba chumvi na chuma vilikuwa kati ya mambo yaliyowapa wafalme wale nguvu.

Sukari nyeupe ndiyo mgeni. Utamu wa wakubwa wetu ulikuwa asali ya porini na muwa. Sukari ya duka ilizoeleka polepole katika nyakati za reli na mishahara. Reli kutoka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilifika Bukama mwaka wa 1918. Kisha kampuni ya BCK ikaendeleza njia mpaka Port-Francqui, inayoitwa leo Ilebo, na mwaka wa 1928 njia yote ikafunguliwa, ikipita hapa Kamina. Mwaka wa 1956 ikaongezwa njia ya kwenda Kabalo, na hivyo Kamina ikawa njiapanda: upande mmoja Lubumbashi, upande mwingine Kasai, upande wa tatu mto Lualaba na Ziwa Tanganyika.

Njiapanda ni baraka kwa biashara. Lakini njia inayoleta samaki na sukari inaweza pia kuleta ugonjwa.

Ugonjwa wa mikono michafu

Kipindupindu, au kolera, ambacho watu wetu wanakiita pia ugonjwa wa mikono michafu, hakikuzaliwa Kongo. Kilijulikana tangu zamani katika nchi ya Bengali, huko India, na kuanzia mwaka wa 1817 kilianza kuzunguka dunia kwa mawimbi. Wimbi la saba, ambalo bado linaendelea mpaka leo, lilianza Indonesia mwaka wa 1961. Mwaka wa 1970 lilifika Afrika Magharibi, na katika miaka ile ile ya 1970 likaingia nchini kwetu, iliyokuwa ikiitwa Zaïre. Tangu hapo limepata makao kandokando ya maziwa ya mashariki: Kivu, Tanganyika, na hapa kwetu bonde la Upemba.

Anayesoma ripoti za afya za Haut-Lomami anaona majina yale yale yakirudi: Bukama, Kinkondja, Malemba-Nkulu, Mulongo. Sababu hazijafichika. Wavuvi wanaishi katika kambi za ukingoni mwa maji, wanakunywa maji ya ziwa, vyoo ni vichache, na watu wanahama kufuata samaki. Mvua ikinyesha, uchafu wa juu unashuka majini. Mwaka wa 2017 nchi nzima ilipata wagonjwa zaidi ya 50,000, na zaidi ya 1,000 wakafa. Mwaka wa 2023 hesabu ya wagonjwa ikapita tena 50,000.

Namna kolera inavyoua ni rahisi kueleza. Kidudu chake hakili nyama ya mtu. Kinatoa sumu inayofanya matumbo yamwage maji badala ya kuyanywa. Mtu mzima aliyeshikwa vikali anaweza kupoteza karibu litre nzima kwa saa moja, na pamoja na maji hayo inatoka chumvi ya mwili. Damu inakuwa nzito, macho yanazama, vidole vinakunjamana, mkojo unakauka. Mtu aliyekuwa sokoni asubuhi anaweza kuwa maiti jioni. Bila matibabu, nusu ya walioshikwa vikali wanaweza kufa. Maji na chumvi vikirudishwa kwa wakati, hafi hata mmoja kwa 100.

Kwa hiyo swali la waganga wa dunia lilikuwa moja tu: tutarudishaje maji yale?

Miaka zaidi ya 100 ya kutafuta

Kolera ilipoingia Uingereza mwaka wa 1831, mganga kijana jina lake William O'Shaughnessy alipima damu ya wagonjwa, akaona imepungukiwa maji na chumvi. Mwaka uliofuata, 1832, mganga wa Scotland, Thomas Latta, alijaribu kuingiza maji ya chumvi moja kwa moja katika mshipa. Wengine waliokuwa karibu kufa wakaketi na kusema. Hiyo ndiyo babu ya serumu tunayoiona leo ikining'inia hospitalini. Lakini sindano za wakati ule hazikuwa safi, wagonjwa wengine walikufa nyuma ya nafuu ya saa chache, na wazo lile likawekwa kando kwa muda mrefu.

Hata serumu ilipokuwa salama, ilibaki na matatizo yake. Inataka chupa zilizotengenezwa kiwandani, sindano, na mtu aliyejifunza kutafuta mshipa. Katika kijiji kisicho na hospitali, serumu ni habari tu.

Kwa nini basi wasinyweshe maji ya chumvi kwa mdomo? Walijaribu. Maji yalipita na kutoka kama yalivyoingia. Tumbo lenye kolera halikutaka kushika chumvi peke yake.

Mwaka wa 1953, mganga wa Calcutta, Hemendra Nath Chatterjee, aliandika katika gazeti la waganga la Lancet kwamba amewatibu wagonjwa 186 kwa kinywaji chenye chumvi na sukari ya glukosi. Wakubwa wa elimu wa Ulaya na Marekani hawakumsikiliza sana, maana hakuweza kueleza kwa nini kinafanya kazi. Jibu lilikuja mwaka wa 1960, kwa mwanasayansi Robert Crane, aliyeeleza katika mkutano wa Prague kwamba ndani ya matumbo glukosi na chumvi vinapita mlango mmoja, vimeshikana mikono. Sukari ikiingia, chumvi inaingia nayo, na maji yanazifuata. Mlango huo kolera haiwezi kuufunga.

Hapa ndipo tunaelewa kazi ya sukari katika chupa yetu. Haikuwekwa kusudi mtoto apende utamu. Haikuwekwa hata kumpa nguvu. Iliwekwa kufungua mlango.

Mwaka wa 1968, waganga vijana wawili Wamarekani, David Nalin na Richard Cash, wakifanya kazi Dhaka pamoja na waganga wa huko, walionyesha kwamba mgonjwa wa kolera akinyweshwa maji yenye kipimo sawa na anayoyapoteza, mahitaji ya serumu yanapungua kwa sehemu kubwa sana, kama 80 kwa 100. Lakini hiyo ilikuwa hospitalini, waganga wamesimama kandokando. Wengi walisema: watu wa kawaida hawataweza.

Bangaon, 1971

Mwaka wa 1971 vita vilifukuza watu wapatao milioni 10 kutoka Bangladesh kuingia India. Kolera iliwafuata. Katika mji mdogo wa mpakani unaoitwa Bangaon, mganga wa Calcutta, Dilip Mahalanabis, alikuta wagonjwa wamelala chini, mmoja kando ya mwingine, ndani ya uchafu wao wenyewe. Serumu ilikuwa inaisha, na wanaojua kuichoma walikuwa wachache.

Alifanya uamuzi ambao vitabu vya wakati ule havikuuruhusu. Huko Calcutta, yeye na wenzake walipima gramu 22 za glukosi, gramu 3,5 za chumvi ya kupikia na gramu 2,5 za sodiamu baikaboneti, ile ya kuumulia mikate, kwa kila litre moja ya maji. Unga ule waliutia katika mifuko ya plastiki na kuifunga kwa pasi ya moto. Kambini waliukoroga ndani ya mapipa yenye bomba, na wakawaambia mama, baba, kaka na dada wa mgonjwa: chukueni kikombe, mnywesheni.

Hakukuwa na wauguzi wa kutosha, kwa hiyo jamaa ndio wakawa wauguzi. Mbele ya hapo, kama wagonjwa 30 kwa 100 walikuwa wakifa. Kati ya zaidi ya wagonjwa 3,000 waliotibiwa kwa njia ile, waliokufa hawakufika 4 kwa 100. Mahalanabis alifariki mwezi wa Oktoba 2022, na watu wengi ambao watoto wao waliokolewa na maji yake hawakuwahi kusikia jina lake. Hata mimi nilikunywa maji hayo utotoni bila kulijua.

Mwaka wa 1978 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kupigana na kuhara, na sashe za unga ule zikaanza kusafiri dunia nzima. Ndizo zinazoitwa hapa kwetu SRO, zile zinazotolewa kwenye vituo vya afya.

Somo la mama nyumba kwa nyumba

Sashe ni nzuri, lakini haipatikani kila mahali. Bangladesh, baada ya vita, ilikuwa nchi maskini yenye njia mbovu, karibu sawa na zetu za msimu wa mvua. Shirika la BRAC, lililoanzishwa na Fazle Hasan Abed mwaka wa 1972, liliamua kuanzia mwaka wa 1980 kumfundisha kila mama kutayarisha maji hayo kwa vitu vya jikoni mwake: chumvi ya kushika kwa ncha za vidole vitatu, na sukari ya guru ya miwa, ujazo wa kiganja, katika nusu litre ya maji hivi. Wafundishaji, wengi wao wanawake, walikwenda mlango kwa mlango. Katika miaka 10 walipita kwenye nyumba zipatazo milioni 12.

Kuna mambo mawili katika kazi ile ambayo viongozi wetu wa afya wangefaidika kuyaangalia. La kwanza, mfundishaji hakulipwa kwa hesabu ya nyumba alizopita. Wakaguzi walirudi baadaye, wakawaomba baadhi ya akina mama watayarishe maji mbele yao, na malipo yakategemea mama amekumbuka nini. La pili, mwanzoni akina mama wengi walikumbuka somo lakini hawakutumia. Walipochunguza waligundua kwamba wafundishaji wengine wenyewe hawakuyaamini maji yale, na kwamba wanaume, wenye neno la mwisho nyumbani, hawakuitwa kwenye mafundisho. Walirekebisha yote mawili, wakaanza kuwaita wanaume pia, na matumizi yakapanda.

Goma, 1994

Sisi Wakongomani tunayo sura yetu katika historia hii, na ni sura ya machozi. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda wapatao kati ya 500,000 na 800,000 walimiminika Goma katika siku chache. Ardhi ya pale ni mawe ya volkano: kuchimba kisima ni shida, kuchimba choo ni shida, hata kuchimba kaburi ni shida. Watu walikunywa maji ya Ziwa Kivu. Katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, wengi kwa kolera na kuhara damu.

Wakati ule dunia ilikuwa inajua maji ya sukari na chumvi kwa zaidi ya miaka 20. Mashirika yalikuja kwa ndege na mizigo mingi. Lakini waganga waliotoka Dhaka kusaidia, watu waliozoea kolera maisha yao yote, waliandika baadaye kwamba katika vituo vingine serumu ilitolewa polepole na kwa kiasi kidogo, maji ya kunywa hayakugawiwa vya kutosha, na watumishi wengi hawakuwahi kumtibu mgonjwa wa kolera hata mmoja. Maarifa yalikuwepo. Mikono iliyofundishwa ndiyo iliyokosekana, pamoja na maji safi.

Bangaon kulikuwa na mapipa, vikombe, na jamaa walioambiwa la kufanya. Kwa hiyo tukiweka mambo haya mawili kando kwa kando, tunaona kwamba ukubwa wa shirika hauokoi mtu. Kinachookoa ni mtu wa karibu anayejua kipimo, mwenye kikombe mkononi, katika saa ya kwanza.

Kipimo, na namna ya kuhifadhi

Kuna ndugu zetu walioko Marekani wanaoshangaa kuona wenyeji wakining'iniza chupa za maji ya sukari nje ya madirisha. Ni chakula cha ndege wadogo wa huko wasiopatikana Afrika, wanaonyonya maua kama yule ndege wetu mdogo anayemetameta, ambaye Waswahili wa pwani wanamwita chozi. Kipimo cha ndege ni kikombe kimoja cha sukari kwa vikombe vinne vya maji. Kinamfaa ndege anayepiga mabawa mchana kutwa. Lakini ukimpa mtoto anayehara maji matamu namna ile, unamzidishia ugonjwa: sukari nyingi tumboni inavuta maji kutoka mwilini, na kuhara kunaongezeka. Ni sababu ile ile inayofanya fanta na juisi ya dukani zisiwe dawa ya kuhara.

Kipimo cha mtu, kinachofundishwa pale ambapo sashe haipatikani, ni hiki:

Litre 1 ya maji safi, yaliyochemshwa na kupoa, au yaliyotiwa dawa ya klorini.
Vijiko 6 vidogo vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa juu, si vya mlima.
Nusu ya kijiko kidogo cha chai cha chumvi, nacho kimesawazishwa.

Koroga mpaka vyote viyeyuke, kisha onja wewe mwenyewe kwanza. Maji hayatakiwi kuwa na chumvi kupita machozi. Yakizidi machozi, mwaga, anza upya. Usijaribu kurekebisha kwa kuongeza sukari.

Litre moja ndiyo inayotukosesha wengi. Chupa kubwa ya maji inayouzwa mjini ni ya litre moja na nusu, na watu wanamwaga sashe nzima humo. Dawa inakuwa nyepesi. Wengine wanaimimina katika chupa ya nusu litre. Inakuwa kali, na hiyo ni hatari zaidi kwa mtoto mchanga. Chupa ndogo mbili za nusu litre zinafanya litre moja kamili. Zioshe, zipime, kisha weka alama kwenye ndoo au bidoni yako kwa msumari. Alama hiyo itafaa nyumba nzima kwa miaka.

Kuhusu kuhifadhi, sheria ni fupi: saa 24, basi. Chombo kiwe safi na kifuniko chake, kikae pahali pa baridi, na mtu achote kwa kikombe safi au amimine, asitumbukize mkono. Kesho yake yaliyobaki yanamwagwa. Najua inauma kumwaga sukari, kwa bei tunazozijua. Lakini maji ya sukari ni chakula cha vidudu pia. Hata wale wa Marekani wanamwaga ya ndege yakikaa siku chache kwenye joto, maana yanachacha. Afadhali kutayarisha nusu litre mara mbili kwa siku, vijiko 3 vya sukari na robo kijiko ya chumvi, kuliko kujaza bidoni ya siku tatu.

Mtoto wa chini ya miaka 2 anapewa robo hadi nusu kikombe kila anapohara. Mkubwa zaidi, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngojeni dakika 10, kisha mwanze tena polepole kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya. Anayekula aendelee kula, uji na ndizi ni vizuri, maana maji ya nyumbani hayana potasiamu iliyomo katika sashe, na ndizi inayo.

Na maji haya si sababu ya kubaki nyumbani. Mtoto akiwa na macho yaliyozama, akilia bila machozi, asipokojoa, akilegea, au ngozi ya tumbo ikivutwa inarudi polepole, aende kituo cha afya mara moja, huku akinyweshwa njiani. Mtu anayehara maji meupe kama yale ya kuoshea mchele asingojee kupambazuke. Huko ndiko serumu ina kazi yake.

Dawa nayo inakua

Sashe tunayopewa leo si ile ya Bangaon. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya majaribio mengi, Shirika la Afya Duniani na Unicef walipunguza chumvi na glukosi ndani yake: sasa ni gramu 2,6 za chumvi na gramu 13,5 za glukosi kwa litre moja, pamoja na potasiamu na sitrati. Iligundulika kwamba kinywaji chepesi zaidi kinapunguza kutapika na kuhara kwa watoto. Pamoja nayo mtoto anapewa zinki kwa siku 10 hadi 14, kusudi tumbo lipone vizuri na ugonjwa usirudi upesi. Ukipewa sashe bila zinki, uliza.

Karibu na mwaka wa 1980, kuhara kuliua watoto wapatao milioni 5 wa chini ya miaka 5 kila mwaka duniani. Leo hesabu hiyo iko chini ya nusu milioni. Maji safi, chanjo na chakula bora vimefanya sehemu yao, lakini hakuna mtaalamu anayeitaja hesabu ile bila kutaja maji ya sukari na chumvi. Nusu milioni bado ni watoto wengi. Wengine ni wa Kinkondja na Malemba-Nkulu, na wengine ni wa mitaa yetu hapa Kamina, ambako foraji ni chache na visima vya mkono viko karibu na vyoo.

Maji haya hayafukuzi kolera. Kazi hiyo ni ya bomba, vyoo na sabuni, na ni haki ya raia kuendelea kuwakumbusha wanaotawala. Lakini mpaka siku bomba litakapofika kila avenue, kijiko cha chai kinabaki mkononi mwetu. Wajumbe wa afya wa mitaa, wale tunaowaita reko, wanapopita nyumbani kwako, usiwasikilize tu kwa adabu. Leta chupa, kijiko, sukari na chumvi, utayarishe mbele yao, waonje. Mwite na baba wa nyumba aone.

Jirani yetu yule, tulimpelekea kijiko kidogo cha chai kama zawadi. Alicheka, akakifunga kwa uzi kwenye kopo lake la sukari. Kiko pale mpaka leo, na watoto wa mtaa wanajua kwamba hakiguswi kwa chai.